Kabla ya Rangi, Uliza Kondoo

Wikiendi ya kwanza ya Mei, uwanja wa maonyesho wa kaunti ya Howard, huko West Friendship katika jimbo la Maryland nchini Marekani, hufurika watu waliofuata kitu kimoja: sufu. Maonyesho hayo ya kondoo yamekuwapo tangu miaka ya 1970, na yana wenzake. Juni kuna ya Cockermouth, kaskazini magharibi mwa Uingereza, yaliyoanza mwaka 2005 na hufanyika katika jengo la mnada wa mifugo. Mwanzoni mwa vuli kuna juma zima la sufu katika visiwa vya Shetland, na Oktoba kuna ya Rhinebeck, jimbo la New York, ambako wafumaji huja wamevaa sweta walizozifuma makusudi kwa ajili ya siku hiyo. Humo huuzwa nyuzi zilizokwisha kusokotwa na kutiwa rangi, sufu iliyooshwa na kuchanwa tayari kwa msokotaji, na pia manyoya mazima ya kondoo mmoja, yangali na mafuta yake na harufu ya zizi, yamekunjwa ndani ya mfuko kama yalivyotoka mwilini. Mfugaji, mtia rangi, msokotaji na mfumaji husimama hatua chache tu baina yao, na aliyemlisha kondoo anaweza kumtazama usoni atakayeivaa sufu. Masoko ya namna hiyo yamebaki machache duniani, na nafasi yenyewe inapotea tukiiona. Pesa nyingi za wanunuzi wa maonyesho haya huifuata rangi, ilhali zingepaswa kumfuata kondoo. Mnunuzi anayechagua rangi kabla ya kuuliza uzi umetoka kwa kondoo gani anasaidia, bila kukusudia, kuzifuta mbari zile zile alizokuja kuzisherehekea.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa kwamba sufu ina majina. Wengi wetu uzi tumeujua kwa vitambaa vya makochi na sweta za shule, na mara nyingi uzi huo ni akriliki, zao la mafuta ya petroli. Kondoo tuliowazoea nao, yule mwekundu wa Wamaasai na yule mwenye kichwa cheusi wa Wasomali, wana nywele fupi mwilini, si sufu ya kunyolewa. Lakini kondoo wa sufu hutofautiana kuliko macho yanavyodhani. Uingereza peke yake ina mbari zaidi ya 60. Unene wa unyuzi mmoja hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Merino wengi huwa kati ya mikroni 17 na 24. Bluefaced Leicester huzungukia 26. Wensleydale, mwenye mashungi marefu yanayong'aa, hufika 33 na kuzidi, na Herdwick wa milima ya Cumbria, mkoa wa Cockermouth, huvuka 35, tena ndani ya sufu yake mna nywele ngumu zisizokubali rangi. Kila tofauti ina kazi yake. Sufu fupi yenye mikunjo mingi hukamata hewa, kwa hiyo hutoa uzi mwepesi wenye joto. Sufu ndefu yenye mng'aro hutoa uzi mzito unaoning'inia vizuri na kuchelewa kuchakaa. Sufu ngumu hutoa zulia, begi, au koti la kuvaliwa kwenye mvua. Anayesema "uzi wa sufu" bila kutaja kondoo amesema kidogo sana.

Pita sasa kati ya vibanda. Vinavyovuta umati mkubwa ni vya watia rangi, ambako madonge ya uzi yamepangwa ukutani kuanzia nyekundu iliyoiva hadi buluu ya usiku wa manane, na mkono huenda kwenyewe. Geuza karatasi iliyofungwa kwenye uzi uisome: merino, inaoshwa kwa mashine. Nenda kibanda cha jirani, geuza tena: merino, inaoshwa kwa mashine. Watia rangi wengi hununua uzi mweupe uliokwisha kusokotwa kutoka kwa wauzaji wa jumla wachache, kisha kila mmoja huongeza sanaa yake. Inawezekana kabisa vibanda viwili vinavyoshindana kuuza uzi wa mashine ile ile, wa marobota yale yale. Sufu hiyo kwa kawaida huanzia Australia, na sehemu kubwa ya sufu ya dunia husindikwa China. Ili isisinyae, hupitishwa kwenye klorini inayopunguza makali ya magamba madogo yaliyofunika kila unyuzi, kisha huvikwa utando mwembamba wa polima. Utaratibu huo ulikuzwa na watafiti wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, na umeleta manufaa ambayo nitayakiri hapa chini. Utando huo pia hunywa rangi upesi na kuifanya iwake, ndiyo sababu watia rangi wanaupenda. Lakini mnunuzi aliyesafiri mamia ya kilomita kwenda maonyesho ya kondoo, akipapasa donge hilo, kinachogusa vidole vyake kwanza ni polima.

Hatari ya kuitanguliza rangi ilikwisha kuonekana Shetland. Kondoo wa visiwa vile ni wadogo na wavumilivu, na wafugaji wana majina ya kienyeji kwa rangi kuu 11 na alama 30 za mwili wao: moorit kwa kahawia yenye wekundu, shaela kwa kijivu kilichokoza, katmoget kwa yule ambaye tumbo lake limekolea kuliko mgongo. Wanawake wa kisiwa cha Unst walisokota kwa sufu hiyo uzi mwembamba kiasi kwamba shali kubwa iliyofumwa nao iliweza kupitishwa yote ndani ya pete ya ndoa. Viwanda vikaja, navyo vilitaka sufu nyeupe, kwa kuwa nyeupe ndiyo hupokea rangi yoyote unayoichovya. Bei ya nyeupe ikaipita ile ya kahawia na kijivu, na mfugaji, ambaye ana watoto wa kulisha, akabaki na madume meupe. Miaka ikapita na rangi za asili zikapungua zizini, mpaka katika miaka ya 1970 shirika la Uingereza la kuhifadhi mifugo adimu, Rare Breeds Survival Trust, lililoundwa mwaka 1973, likamweka kondoo wa Shetland katika orodha ya kulindwa. Hakuna aliyewachukia kondoo wa kahawia. Wanunuzi walipenda tu rangi za kwenye pipa, na mapenzi hayo yakatosha kuwaondoa.

Kondoo wa Shetland walirudi, na namna walivyorudi inaunga mkono hoja yangu. Wapo wafugaji wadogo, ndani na nje ya visiwa, walioshikilia rangi za zamani. Wapo pia wasokotaji na wafumaji walioanza kuziomba rangi hizo kwa majina na kuzilipia. Mjini Lerwick kampuni ya Jamieson & Smith hununua sufu ya mamia ya wafugaji wa visiwa, huichambua kwa mkono kwa daraja za ulaini, na huuza baadhi ya nyuzi bila kuzitia rangi kabisa, kwa majina ya rangi za kondoo wenyewe. Mwaka 2011 sufu asilia ya Shetland ilipewa ulinzi wa kisheria wa jina la mahali ilikotoka, ulinzi ambao Ulaya iliuzoeza kwenye jibini na mvinyo. Sheria hiyo isingekuwa na maana kama wanunuzi hawangejali jina. Waliojali ndio walioipa thamani.

Ushahidi mzito zaidi uko kusini magharibi mwa Marekani, katika nchi ya Wanavajo, ambao wao hujiita Diné. Wahispania walileta huko kondoo wao katika karne ya 16, na mikononi mwa Wanavajo wakawa mbari nyingine, churro: wembamba, wavumilivu wa ukame, wenye sufu ndefu isiyo na mafuta mengi. Katika nchi ya jangwa sifa hiyo ya mwisho ni neema, maana sufu huweza kusokotwa bila kumaliza maji ya kunywa kwa kuiosha. Mwaka 1863 na 1864 jeshi la Marekani lililoongozwa na Kit Carson liliwachinja kondoo hao na kuchoma mashamba, na watu wakaswagwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi kambi ya Bosque Redondo, ambako walikaa mpaka mkataba wa 1868 ulipowaruhusu kurudi. Wakaanza upya kujenga makundi yao. Karne ya 20 ilipoingia, wataalamu wa serikali wakawaletea Rambouillet, jamaa wa merino, mwenye nyama nyingi na sufu laini ambayo viwanda viliitafuta. Kwa hesabu ya kiwanda yalikuwa maendeleo. Kwa mwanamke aliyekaa na kijiti chake cha kusokotea ilikuwa adha: sufu fupi, iliyojikunja, iliyojaa mafuta, ikitoa uzi wenye vinundu ambavyo bado vinaonekana katika mazulia ya kipindi kile. Kisha katika miaka ya 1930 serikali, kwa hofu ya mmomonyoko wa udongo, ikapunguza mifugo ya Wanavajo kwa nguvu, na makundi yakauawa mbele ya wenyewe. Churro hakuwa na wa kumtetea katika ofisi yoyote. Kufikia miaka ya 1970 waliobaki walikadiriwa kuwa chini ya 500.

Mwaka 1977 mtaalamu wa mifugo Lyle McNeal alianzisha mradi wa kuwakusanya waliosalia, wengi wao wakiwa wamefichika kwa familia zilizoishi mbali na barabara, na kuwarudisha kwa Wanavajo baada ya kuwazalisha. Mwaka 1986 kikaundwa chama cha wafugaji wa mbari hiyo. Kazi hiyo inastahili heshima zote. Hata hivyo mradi peke yake hauwezi kuishikilia mbari milele, kwa sababu kondoo anakula kila siku, na anayemlisha lazima awe na sababu ya kufanya hivyo mwaka huu, na mwakani, na baada ya mfadhili kuondoka. Sababu hiyo ilitoka kwa wafumi. Mfumi wa Kinavajo aliyejua kwamba zulia la churro halipotezi umbo na huvumilia nyayo za vizazi alikuwa tayari kuitafuta sufu ile na kuilipia zaidi ya bei ya kiwanda. Wasokotaji wa mbali nao wakafuata. Leo churro huonekana katika maonyesho ya sufu akiuzwa kwa jina lake, na kila anayenunua manyoya yake anachangia gharama ya malisho.

Upande wa pili wa jambo hili unaonekana Uingereza, ambako sufu isiyoulizwa jina imekuwa mzigo. Sehemu kubwa ya sufu ya huko huishia kwenye mazulia ya viwandani, ikichanganywa kwa madaraja mapana ambamo mbari hupotea. Kwa miaka mingi gharama ya kumnyoa kondoo imekuwa ikizidi bei ya manyoya yake. Mwaka 2020, janga la Korona lilipofunga hoteli na kusimamisha maagizo ya mazulia, wapo wafugaji walioichoma sufu yao au kuifukia shambani iwe mbolea. Herdwick ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa sufu yake nyeusi na ya kijivu haitakiwi na mtu anayetaka kutia rangi. Mwandishi Beatrix Potter alipofariki mwaka 1943 aliuachia umma wa Waingereza, kupitia shirika la National Trust, zaidi ya ekari 4,000 za Cumbria, akiagiza makundi ya Herdwick yaendelee kufugwa humo. Hata urithi mkubwa kiasi hicho haukuwaondoa kondoo hao hatarini. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia mwaka 2001, Cumbria ndiyo iliyopigwa kuliko mahali pengine, na kwa kuwa karibu Herdwick wote wa dunia wanaishi katika eneo hilo moja, mbari nzima ilitikisika. Maonyesho ya Cockermouth yalizaliwa katika mkoa huo huo miaka minne baadaye, na katika vibanda vyake kilo ya Herdwick inaweza kuuzwa kwa bei ambayo mnunuzi wa zulia hawezi kuiota. Sufu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuja kununua alijua anachokitafuta.

Jibu la kwanza la wanaonipinga ni la ngozi: merino ni laini, wengine wanawasha. Ni jibu la haki na lina sayansi ndani yake. Ncha za nyuzi zinazozidi takribani mikroni 30 ni ngumu kiasi cha kuchoma neva za ngozi, na zikiwa nyingi katika kitambaa mvaaji hujikuna. Shali ya shingoni ya Herdwick ni adhabu, sibishi. Lakini merino wanashinda shingoni peke yake na katika nguo za mtoto mchanga. Sweta ya kuvaliwa juu ya shati haigusi shingo wala kifua. Soksi inataka uimara kuliko ulaini, na uzi wa merino usiochanganywa hutoboka kisigino upesi na kujaa vifundo vya manyoya baada ya majuma machache ya kuvaliwa. Mkoba, mto wa kiti, kofia yenye bitana: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mikroni 18. Ukipiga hesabu ya vitu ambavyo watu hufuma kwa kweli, ulaini wa mwisho unahitajika katika sehemu ndogo tu, ilhali ndio unaotawala sehemu kubwa ya vibanda. Na hata shingo yenyewe haimlazimishi mtu kwenda kwa merino: Bluefaced Leicester, Cormo, Polwarth na manyoya mazuri ya Shetland huivalisha shingo bila kuiudhi.

Jibu la pili ni la kufua. Mama mwenye watoto watatu hana saa ya kuosha kila sweta kwa mkono katika maji ya vuguvugu, na anayempa rafiki zawadi anataka idumu baada ya kutumbukizwa kwenye mashine kwa bahati mbaya. Nalikubali hitaji hili kikamilifu, na ndiyo maana sisemi merino iliyosindikwa ipigwe marufuku popote. Lakini klorini haikuondoa gharama, iliihamishia kwenye maji taka ya kiwanda, ndiyo sababu viwango vya GOTS vya nguo za kikaboni vinakataa sufu iliyopitishwa humo. Tena wapo kondoo waliozaliwa na sufu isiyosinyaa kwa urahisi. Southdown, Suffolk, Dorset na jamaa zao wana sufu yenye kujikunja kama chemchemi ambayo husinyaa kwa shida sana hata ikikosewa, na ni hodari kwa soksi. Manyoya yao mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu wafugaji wao wanawafuga kwa nyama na hakuna aliyewaambia kwamba kuna anayeihitaji sufu. Hapa msokotaji anayejua anachouliza angepata uzi anaoutaka, na mfugaji angepata pesa ambayo hakuitarajia kabisa.

Jibu la tatu linanigusa zaidi, kwa kuwa ni la watu. Watia rangi wengi ni wanawake wenye biashara ndogo za nyumbani, wanaobeba masufuria na makabati yao kutoka maonyesho hadi maonyesho, na sanaa yao ni ya kweli. Je, hoja hii haiwachukulii riziki? Naamini inawaongezea. Mtia rangi anayetumia uzi ambao kila jirani anautumia hana cha kumtofautisha ila rangi, na rangi huigwa katika msimu mmoja. Aliyefanya mkataba na mfugaji wa karibu, akanunua manyoya ya kundi zima, akayapeleka kwenye kiwanda kidogo yasokotwe, ana uzi ambao mwingine hana. Rangi ikiwekwa juu ya Wensleydale hung'aa kwa mng'aro wa sufu yenyewe, na ikiwekwa juu ya manyoya ya kijivu hutoa kivuli ambacho uzi mweupe hauwezi kukipata. Ni kweli gharama ya kuanza ni kubwa, viwanda vidogo vya kusokota ni vichache na foleni zake ni ndefu. Hilo ndilo linalonifanya nimtazame mnunuzi kuliko mtia rangi: mtia rangi hawezi kubeba gharama hiyo kama wanaokuja kibandani hawaulizi.

Kuhusu bei, donge la gramu 100 lililotiwa rangi kwa mkono mara nyingi huuzwa katika maonyesho ya Marekani kwa dola 25 hadi 35. Kwa pesa hizo, au zaidi kidogo, msokotaji hupata ratili nzima na zaidi ya manyoya mabichi yaliyochaguliwa vizuri. Lakini hapa ndipo wanunuzi wageni huumia, kwa sababu hawajui wanachopima. Manyoya ya merino yaliyo na mafuta yake yanaweza kupoteza nusu ya uzito yakioshwa, ilhali ya kondoo wa sufu ndefu hupoteza kidogo, kwa hiyo bei ya kwenye mfuko haiwezi kulinganishwa moja kwa moja. Omba mfuko ufunguliwe. Tazama kama kingo chafu za tumboni na mkiani zimeondolewa. Tafuta vipande vifupi vilivyoachwa na mnyoaji aliyerudia mkasi mahali pamoja, maana hivyo ndivyo vitakavyokuwa vinundu katika uzi. Tazama nyasi na mbegu za magugu, ambazo zikiingia katikati ya sufu hazitoki. Kisha chomoa kishungi kimoja, kishike ncha mbili, kivute ghafla karibu na sikio. Kikilia kwa mlio mmoja safi, sufu ni nzima. Kikichanika kwa sauti ya kukatikakatika, kondoo aliugua, alikosa malisho au alidhoofika alipozaa, na udhaifu wa siku zile umebaki katika kila unyuzi. Mfugaji mwaminifu hachukii jaribio hili. Wengi hulifanya wao wenyewe mbele ya mteja, na mazungumzo yanayofuata, kuhusu ukame wa mwaka ule na aliyezaa mapacha, hayapatikani mbele ya ukuta wa rangi.

Kuna wanaosema wasokotaji na wafumaji wa maonyesho ni wachache mno wasiweze kuathiri chochote, na kwamba kuhifadhi mifugo ni kazi ya serikali. Kwa merino wa Australia wana haki, kwa kuwa hakuna umati wa Rhinebeck utakaotikisa soko lile. Mbari adimu ni habari nyingine. Palipobaki kondoo mia chache, wanunuzi mia chache ni soko zima. Shirika la Marekani la Livestock Conservancy lilielewa hivyo mwaka 2019 lilipoanzisha mpango wa kuwaalika wasokotaji na wafumaji kutumia sufu ya mbari zilizo hatarini. Mshiriki hupewa kijitabu kama pasipoti, na kila anaponunua sufu kwa mfugaji aliyesajiliwa hupata stika ya mbari ile. Wapo wafugaji waliokuwa wakiitupa sufu kila mwaka ambao sasa wanaifunga vizuri na kuiuza. Na serikali, kama Wanavajo wanavyojua, imewahi kuwa ndiyo inayoua.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Kondoo mwekundu wa Wamaasai anasifika kwa watafiti wa mifugo duniani kwa uwezo wake wa kustahimili minyoo ya tumboni inayoua mbari nyingine. Tangu miaka ya 1970 Dorper wa Afrika Kusini, mwenye umbo kubwa na bei nzuri mnadani, amekuwa akichanganywa naye ovyo nchini Kenya, mpaka kumpata mwekundu halisi kukawa kazi. Mnada uliuliza kilo tu, na mfugaji akajibu kilo. Jambo la kusikitisha ni kwamba Dorper mwenyewe ana damu ya kondoo wa kichwa cheusi wa Somalia, aliyepelekwa kusini na kuchanganywa na Dorset Horn, kisha akarudi kuwameza majirani zake wa zamani. Na kwenye nyanda za juu za Kenya, ambako kondoo wa sufu wapo, Nanyuki ina kikundi cha wanawake ambacho tangu miaka ya 1970 kimekuwa kikisokota, kutia rangi na kufuma sufu kwa mikono. Wageni hununua mazulia yao kwa kuwa yamefumwa kwa mikono, na ni jambo jema. Lebo inayotaja pia kondoo na shamba ingewapa wafugaji wa Laikipia na Nyandarua sababu ya kutunza manyoya yao vizuri zaidi.

Ninajua jina likishaleta pesa litaibiwa. Jijini Dar es Salaam mchele unaouzwa kwa jina la Kyela haukui wote Kyela, na hakuna sababu ya kudhani sufu itapona. Lakini maonyesho yana silaha ambayo gulio la mchele halina: waandaaji ndio wanaogawa vibanda, na foleni ya wanaoviomba ni ndefu. Wangeweza kudai kwamba kila uzi na kila sufu iuzwayo uwanjani iandikwe mbari ya kondoo, nchi na, inapowezekana, shamba alikofugwa, mahali uzi uliposokotwa, na kama umepitishwa kwenye klorini. Asiyejua aandike kwamba hajui. Merino ya Australia ibaki mezani ikiwa na jina lake kamili, kwa kuwa nayo ina mfugaji. Vyama vya wafugaji viko pale pale uwanjani vikiwa na madaftari ya ukoo wa kondoo wao, na waamuzi wa mashindano ya manyoya wanaweza kumtambua Romney aliyeandikwa Corriedale kwa kufungua mfuko tu. Baadhi ya maonyesho yameshaweka masharti ya aina hii kwa manyoya yanayoshindanishwa. Kuyapeleka masharti hayo hadi kwenye kuta za rangi, ambako ndiko pesa nyingi zinabadilishana mikono, kunahitaji tu waandaaji waombwe na wateja wao, na fomu za vibanda za mwaka ujao huandaliwa miezi mingi kabla ya kondoo kunyolewa.